Tetesi za vipuri visivyo na waya: maana yake na namna ya kuzipima

Tetesi za vipuri vya baiskeli ni makisio kuhusu kifaa ambacho kiwanda bado hakijakitangaza, yanayojengwa juu ya dalili zilizokwisha kuvuja. Anayefuatilia tetesi za usajili wa wachezaji wa mpira anajua kwamba "anahusishwa na" haina uzito sawa na "amefanyiwa vipimo vya afya". Kwenye baiskeli za milimani ngazi hizo zipo vilevile.

"Kisicho na waya" ni kifaa kisichounganishwa na usukani kwa waya wowote, uwe wa kuvuta au wa umeme. Kitufe kinatuma ishara ya redio, mota ndogo yenye betri inasukuma gia au inafungua bomba la siti ili siti ishuke. SRAM, watengenezaji wa vipuri wa Marekani, waliingiza mfumo huu kwenye baiskeli za milimani mwaka 2019. Shimano, wapinzani wao wa Japani, walikuwa na XTR, seti yao ya juu ya vipuri vya milimani, ya umeme tangu 2014, ila ile ilipitisha nyaya ndani ya fremu. Ya redio ilitoka 2025. Breki bado zinatumia paipu za mafuta, na tetesi yoyote ya breki zisizo na paipu ipokee kwa kicheko mpaka mtu akueleze betri ikifa katikati ya mteremko itakuwaje.

Dalili nyepesi kuliko zote ni hataza, yaani haki ya kulinda uvumbuzi. Kwa kawaida ombi huchapishwa miezi 18 baada ya kuwasilishwa mara ya kwanza, kwa hiyo unachokiona leo ni wazo la mwaka mmoja na nusu uliopita. Kosa la kila siku ni kutazama michoro tu. Mchoro ni mfano. Kinacholindwa kipo kwenye madai, hasa dai la kwanza. Tena kampuni huombea hataza mawazo mengi yasiyofika dukani.

Idhini ya redio ndiyo vipimo vya afya vyenyewe. Kifaa kinachorusha mawimbi hakiuzwi Marekani kabla ya kupita kwa tume ya mawasiliano, FCC. Kiwanda kinaweza kuomba picha na kitabu cha maelekezo vifichwe kwa muda, hadi siku 180, lakini ripoti ya vipimo hubaki wazi. Humo utakuta masafa, mathalani 2402 hadi 2480 MHz ikiwa ni Bluetooth, na mara nyingi mchoro wa mahali lebo itakapobandikwa. Mchoro huo wa lebo umeshaumbua wengi, kwa sababu unaonyesha umbo la kifaa. Hautakuambia idadi ya gia, uzito wala bei. Na huenda ni kifaa cha zamani kilichobadilishiwa chipu tu.

Picha za mashindanoni zinahitaji kuhesabu. Baiskeli yenye gia za kuvuta na siti ya kushuka ina mistari minne kwenye usukani: paipu mbili za breki, waya wa gia, waya wa siti. Ukikuta mitatu, kimoja kimehamia redioni. Ila fremu nyingi za sasa humeza nyaya kupitia shingo ya usukani, kwa hiyo kahesabie nyuma, pale waya unapotoka kuingia kwenye kibadili gia.

Dalili iliyosema mengi kuliko zote haikuwa na redio hata kidogo. Mwaka 2019 SRAM walitoa UDH, kishikizo cha alumini cha kufungia kibadili gia, na kuwaachia watengenezaji wa fremu watumie muundo wake. Kwa nini kampuni ihangaike kuwapangia wengine tundu la nyuma ya fremu? Jibu lilikuja Machi 2023: Transmission, kibadili gia kinachofungwa kwenye tundu hilohilo, kishikizo kikiwa kimetolewa kabisa. Waliokuwa wamesoma hataza na kutazama tundu kwa pamoja hawakushangaa.

Wengine wakarukia hitimisho kwamba Shimano naye lazima afunge moja kwa moja kwenye fremu. XTR ya 2025 ikaja inafungwa kwenye kishikizo, betri ikiwa imefichwa katikati ya mikono ya kibadili gia. Dalili ya kampuni moja haikuwa dalili ya nyingine.

Kwa mnunuzi, swali ni fremu ipi haitamfungia mlango. Yenye UDH inapokea mifumo yote miwili. Boliti ya UDH ina uzi wa kinyume, na anayeifungua kwa mazoea huishia kuikaza zaidi. Ukihamia Transmission kutoka Eagle AXS ya awali, ule mfumo wa redio wa SRAM wa 2019, kitufe na betri vinaendelea kutumika. Mnyororo na kaseti (rundo la gia za gurudumu la nyuma) havichanganyiki, kwani mnyororo mpya una mgongo bapa. Boliti kubwa ya Transmission hukazwa kwa 35 Nm, na ikikazwa kabla ya mnyororo kuwekwa na kibadili gia kuvutwa kwenye nafasi yake, gia zitarukaruka, na kibadili gia hicho hakina skrubu za kurekebishia.