Akileo, Achilles, Achilleus: jina ni moja, chagua maandishi mamoja

Tangu kampeni ya kusasisha ndagamuntu, yaani kitambulisho cha taifa cha hapa Uganda, ianze tarehe 27 Mei 2025, watu wengi wamegundua kitu ambacho kwa miaka kumi hawakukiangalia, kwamba jina lililo kwenye kadi si sawa na la cheti cha shule, na la cheti cha shule si sawa na la kadi ya ubatizo, alafu wanafika kwenye meza ya usajili na hasira tayari. Naelewa hiyo hasira. Ila majina mengine yanaleta shida hii kuliko mengine, na kuna moja la wanaume ambalo halina watu wengi lakini karibu kila anayelibeba anakuja na karatasi zinazogombana. Ni Akileo. Au Achileo, au Achilles, Achilleus, Achille, Akireo. Ndiyo, yote hayo ni jina moja.

Kwanza tujue limefikaje hapa, maana ukishaelewa njia lililopita utaona kwa nini linaandikwa hivi na vile, na pia utaacha kumlaumu mzee wako.

Jina lenyewe ni la Kigiriki, la zamani sana, la yule shujaa wa vita vya Troya anayesimuliwa na Homer. Lakini halikuja Uganda kwa sababu ya Troya. Lilikuja kwa sababu huko Roma kulikuwa na wafiadini wawili wanaoitwa Nereus na Achilleus, wanajeshi walioacha silaha kwa ajili ya Kristo, ambao Papa Damasus, aliyeongoza Kanisa kuanzia 366 hadi 384, aliwaandikia maneno ya kumbukumbu kwenye kaburi lao, na sikukuu yao ni tarehe 12 Mei. Wamisionari wa Afrika, hawa tunaowaita Mapadri Weupe au White Fathers, walifika kwa Kabaka Muteesa, mfalme wa Buganda, mwaka 1879, Padri Lourdel ambaye Waganda walimwita Mapeera akiwa wa mbele, na wakawa wanabatiza kwa majina ya watakatifu wa zamani. Ukisoma orodha ya wafiadini wetu 22 Wakatoliki utaona wenyewe: Ponsiano, Atanasi, Anatoli, Dionisi, Adolofu. Majina ambayo hata Ulaya wakati ule hayakuwa ya kila nyumba. Na katikati yao kuna Achilleus Kiwanuka, kijana wa miaka kama 17, mmoja wa waliotumika kwenye jumba la Kabaka Mwanga, aliyebatizwa Novemba 1885 na akachomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 pamoja na Karoli Lwanga na wenzake.

Kwa hiyo mtu akiitwa Akileo hapa kwetu, mara nyingi ameitwa kwa ajili ya huyu kijana, si kwa ajili ya Homer. Ndiyo maana utalikuta zaidi kwenye familia za Kikatoliki za Buganda, na mara nyingi linakaa karibu na jina Kiwanuka.

Sasa kwa nini ni adimu, na Kizito na Charles wamejaa kila darasa? Mimi naona sababu mbili. Kizito alikuwa mdogo wa wote, miaka kama 14, hadithi yake inawashika wazazi moja kwa moja, na jina lenyewe ni la Kiganda hakuna anayeshindwa kulitamka. Karoli Lwanga, ambaye ndiye huyo Charles, alikuwa kiongozi wa vijana. Achilleus yuko katikati, hana hadithi ndefu inayosimuliwa kila Juni, na jina lake ni gumu mdomoni. Hata baada ya wote kutangazwa watakatifu na Papa Paulo wa Sita tarehe 18 Oktoba 1964, wazazi waliendelea kuchagua yale mepesi. Ulaya nako halikuwa la kila mtu, ingawa Papa Pius wa Kumi na Moja aliyeongoza Kanisa kuanzia 1922 hadi 1939 alizaliwa akiitwa Achille Ratti, na Afrika tunaye mwanafikra wa Kameruni, Achille Mbembe. Huyo wa Kameruni anaandika Achille kwa sababu kwao Kifaransa kimetawala, na hapa ndipo shida yetu ya maandishi inapoanzia.

Angalia. Daftari la ubatizo la zamani liliandikwa Kilatini, basi padri aliandika Achilleus. Mapadri wengi wa mwanzo walikuwa Wafaransa, kwa hiyo wengine walitamka Ashil na kuandika Achille. Nyumbani bibi anaita Akileo. Mtu anayeandika Kiganda kwa kufuata kanuni anaweka r baada ya i na e, sehemu nyingine l, kwa hiyo yeye ataandika Akireo na wala hajakosea. Alafu mtoto anafika shule, mwalimu amesoma kwa Kiingereza, anaandika Achilles kwa sababu ndivyo alivyoona kwenye kitabu. Mtoto huyo huyo anafika Primary Seven ana majina manne na hajabadilisha hata moja.

Kuna jambo lingine naomba tulimalize kabisa maana linanichosha. Wanakuja vijana, hasa waliookoka juzi juzi, wanasema wanataka kuondoa jina hili kwa sababu wameambiwa ni la kipagani, eti ni la shujaa wa mizimu mwenye kisigino kibovu. Ndugu yangu, hadithi ya kisigino Homer hata hakuiandika, Warumi ndio walioisimulia karne nyingi baadaye. Na kama kila jina lenye asili isiyo ya Kikristo lifutwe, tuanze na Biblia: Matendo 18 inamtaja Apolo wa Aleksandria, mtu aliyejua Maandiko vizuri, na jina lake limetoka kwa mungu wa Wagiriki, lakini hakuna mtume aliyemwambia abadilishe. Hapa kwetu Sir Apolo Kaggwa alilibeba, Kanoni Apolo Kivebulaya aliyepeleka Injili hadi Mboga kule Kongo alilibeba hadi kifo chake mwaka 1933. Tena hilo la Kiwanuka ambalo hamlilalamikii ndilo la lubaale, yaani mungu wa jadi, wa radi wa Waganda. Kijana wa Namugongo aliingia motoni akiwa na majina yote mawili, na Kanisa limemwandika nayo yote mawili. Una haki ya kubadilisha jina lako, sheria inakuruhusu na hatuna kazi ya kukuzuia, lakini usibadilishe kwa sababu ya habari isiyo ya kweli.

Tuje kwenye karatasi sasa, na hapa tafadhali soma polepole.

Kusahihisha si kubadilisha. Kama wewe ulijaza Akileo kwenye fomu na kadi ikatoka Akieo, hilo ni kosa la kuingiza, unaomba masahihisho na unaleta ushahidi wa jinsi lilivyokuwa. Lakini kama uliandikishwa Akileo, ukaishi Akileo, na leo unataka Achilles kwa sababu ndilo liko kwenye paspoti unayotaka kuomba, hiyo ni kubadilisha, na ina njia yake. Chini ya Sheria ya Usajili wa Watu ya 2015, ile ile iliyoanzisha NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili, mtu mzima aliyefikisha miaka 18 anatangaza kwanza nia yake kwenye Gazeti la Serikali, yaani Uganda Gazette, si New Vision wala Bukedde, hayo ni magazeti ya habari na tangazo la huko halihesabiki badala yake. Baada ya tangazo kutoka zinapita siku zisizopungua 7, ndipo unapeleka ombi kwa afisa wa usajili kwa fomu iliyowekwa. Kwa kawaida loya ndiye anakuandalia hati ya kubadilisha jina, ile watu wanaita didipoli, na inasajiliwa URSB, ofisi ya serikali ya huduma za usajili. Mtoto chini ya miaka 18 hajiombei, ni mzazi au mlezi wake anaomba, na wazazi wakiwa hawakubaliani naomba wamalizie nyumbani kabla ya kufika kwenye foleni.

Afidaviti haibadilishi jina. Nasema tena, haibadilishi. Ile karatasi unayoapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba Akileo Kiwanuka na Achilles Kiwanuka ni mtu mmoja inaeleza tu tofauti iliyopo, benki inaweza kuikubali na ofisi nyingine ikaikataa, na kwenye rejista jina linabaki lile lile la mwanzo. Ukiapa uongo humo, hilo ni kosa la jinai, hata kama aliyekuandikia alikuwa na meza chini ya mwavuli nje ya mahakama.

NIN yako, yaani namba ya kitambulisho cha taifa, pia haibadiliki. Ni herufi na tarakimu 14 na ni zako mpaka kufa, ukiitwa Akileo leo na Achilles kesho NIN ni hiyo hiyo, laini ya simu iko juu yake, mkopo uko juu yake. Kuna wanaodhani jina jipya linaleta mtu mpya, wanakuja kujiandikisha mara ya pili kana kwamba hawajawahi kuandikishwa. Alama za vidole zinasema. Kujiandikisha mara mbili na kutoa habari za uongo ni makosa kwenye sheria, na adhabu yake ni faini au kifungo au vyote viwili, kwa hiyo kama huna uhakika kama uliandikishwa, uliza kwanza.

Kwa wazazi mnaotarajia mtoto wa kiume na mmelipenda jina hili, nafurahi kweli, lisiachwe lipotee. Kaeni wawili mkubaliane herufi kabla hamjajaza taarifa ya kuzaliwa, andikeni kwenye karatasi kwa herufi kubwa, muipe afisa aione, maana mkitamka tu ataandika anavyosikia. Kama mnataka Akileo, hakikisheni padri naye anaandika Akileo, na siku ya kumpeleka nasari mwalimu apewe nakala ya cheti cha kuzaliwa, asiambiwe kwa mdomo. Tena angalieni jina linaingia sehemu gani ya fomu: Kiwanuka lililo jina la ukoo lina nafasi yake na Akileo lina nafasi yake, na huko Tooro na Bunyoro tafadhali msichanganye na Akiiki, hiyo ni empaako, jina la heshima na upendo la huko, haihusiani na Akileo hata kidogo ingawa nimeona yakiandikwa moja mahali pa jingine.

Na kwa wewe mtu mzima mwenye karatasi zinazogombana, njoo na kadi ya zamani, kadi ya ubatizo na vyeti vyote vya shule kwa pamoja, siku moja. Cheti cha UNEB, baraza la mitihani, hakitaandikwa upya kwa sababu umebadilisha jina mwaka huu, kwa hiyo kabla ya kuchagua herufi utakazobaki nazo, angalia kwanza kile cheti kinasema nini, maana hicho ndicho ambacho waajiri wataendelea kukuomba.