Igizo shirikishi maana yake nini?

Juzi tena, mnadani Msalato, Dodoma: gari la matangazo, spika mbili, vijana wanne wenye fulana za kufanana, igizo la ugonjwa wa vikope. Mwishoni mshereheshaji akauliza, "Mmeelewa?" Tukaitika, "Ndiyooo!" Akatangaza kuwa tumeona igizo shirikishi. Hatukuliona.

Igizo shirikishi huonyesha tatizo bila kulitatua, kisha hurudiwa tangu mwanzo. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kulisimamisha, apande, acheze yeye nafasi ya anayeonewa. Basi.

Nadhani kilichotuponza ni neno lenyewe. Limetoka Kiarabu, mzizi uleule uliotupa shirika, mshirika na ushirika, na mwanaushirika ana hisa na ana kura. Lakini siku hizi mtu akisimama kanisani akasema "nawashirikisha neno", anayesema ni yeye, sisi kazi yetu kusikiliza. Kushirikisha kumekuwa kuambia kwa adabu. Ndiyo maana hata igizo la kuletewa na gari nalo linaitwa shirikishi.

Augusto Boal (1931–2009), mwongozaji wa Brazil aliyeuasisi mtindo huu, naye alianzia karibu na kosa letu. Watawala wa kijeshi walimkamata na kumtesa mwaka 1971, akaenda uhamishoni. Mwaka 1973 alikuwa Peru, kwenye mpango wa kufundisha watu wazima kusoma. Watazamaji wake walishauri wakiwa wamekaa, waigizaji wakatekeleza. Kwa simulizi yake mwenyewe, mama mmoja alitaka mke aliyedanganywa azungumze na mumewe waziwazi. Waigizaji wakajaribu, wakarudia, mama akazidi kufura. Boal akamwambia apande mwenyewe. Mama akakamata ufagio, akamtwanga "mume" barabara. Kumbe mazungumzo aliyoyataka ndiyo hayo, na hakuna mwigizaji ambaye angeyabuni. (Baadaye Boal alikuwa diwani Rio de Janeiro, 1993 hadi 1996, na maigizo ya wananchi yakazaa sheria za jiji.)

Turudi Msalato. Igizo lilimwambia mama awanawishe watoto uso kila siku. Muuza karanga aliyesimama kando yangu akanong'ona, "Kwa maji ya dumu ninayonunua?" Igizo lilipaswa kusimama hapo.

Vijana, lile lenu liiteni igizo la uhamasishaji, wala si aibu. Na siku mkitaka liwe shirikishi kweli, yule mama wa karanga hukaa palepale, upande wa mbuzi.