Kabla ya kuleta mbwa nyumbani, uliza alizalishwa kwa kazi gani

Wengi wanaotujia kliniki kuomba ushauri wa mbwa wa kufuga huja na picha kwenye simu. "Daktari, namtaka kama huyu." Manyoya yanavutia, masikio yamesimama wima. Mimi huwauliza jambo ambalo picha hailionyeshi: mababu wa mbwa huyu walikuwa wakifanya kazi gani?

Aina nyingi za mbwa zilitokana na mkono wa binadamu. Watu waliwachagua wale walioiweza kazi fulani, wakawazalisha wao kwa wao, kizazi baada ya kizazi. Kazi hiyo imebaki damuni hata kama mbwa mwenyewe leo analala sebuleni. Border Collie alizalishwa mpakani mwa Uingereza na Uskoti ili aswage kondoo kutwa nzima. Mlete kwenye nyumba yenye watoto wadogo wanaokimbiakimbia, umwache bila shughuli, naye atawaswaga watoto: atawazunguka, atawakusanya pembeni, atawabana visigino kwa meno. Familia hurudi kwetu ikisema mbwa amekuwa mkali, kumbe anatenda alichorithi. Jack Russell naye kazi yake ilikuwa kumfuata mbweha hadi shimoni, basi usishangae bustani ikichimbuliwa. Greyhound huwashangaza wengi. Anaweza kufikia kasi ya takriban kilomita 70 kwa saa, lakini akishakimbia kidogo hulala usingizi mzito siku nzima, na huwafaa hata watu wa ghorofani. Ila kama mna paka, fikirini mara mbili, maana alizalishwa kukimbiza wanyama wadogo.

Labrador anastahili sifa yake ya upole kwa watoto. Hata hivyo ana kilo 25 hadi 36, na akimrukia mtoto wa miaka 3 kwa furaha, mtoto ataanguka. Pia takriban mmoja kati ya wanne ana mabadiliko ya jeni yanayomfanya ahisi njaa kila wakati, kwa hiyo chakula chake kipimwe, na watoto waambiwe wasimrushie mabaki mezani.

Kuhusu mbwa wa pua fupi, yaani Pug, Bulldog na French Bulldog, nasema waziwazi kwamba simshauri mtu kuwachagua kwa sababu ya sura. Mkoromo unaowafurahisha watu mara nyingi ni sauti ya mnyama anayehangaika kuvuta hewa. Mbwa hapoi kwa jasho kama sisi. Hupoa kwa kuhema. Njia ya hewa ikiwa finyu, siku ya joto au mchezo mrefu kidogo unaweza kumuua. Bulldog wengi hata kuzaliwa huzaliwa kwa upasuaji, maana kichwa ni kikubwa kuliko nyonga za mama. Nimewaona wenye mbwa hawa wakilia mapokezini, nao walikuwa wanawapenda kwa dhati.

Sasa, msiitegemee aina peke yake. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti uliohusisha mbwa zaidi ya 18,000 nchini Marekani. Ulionyesha kuwa aina hueleza takriban asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine, na wepesi wa kuchokozeka karibu hautabiriki kabisa kwa kutazama aina. Ndiyo maana nawapendekezea familia nyingi mbwa chotara aliyekwisha kukua. Tabia yake iko wazi: unaona kama anawavumilia watoto, kama anaogopa kelele, kama anaweza kubaki peke yake kwa saa chache.

Mkiamua kuchukua mtoto wa mbwa, asiachanishwe na mama kabla ya wiki 8. Kuanzia wiki ya 3 hadi kama ya 14 ndipo anapojifunza nani na nini si cha kuogopa, kwa hiyo ulizeni amelelewa wapi. Aliyefungiwa bandani bila kuguswa na watu huwa mwoga, na mwoga ndiye huuma.

Hesabuni na miaka. Great Dane huishi miaka 7 hadi 10, ilhali mbwa wengi wadogo hufika 12 hadi 16. Mtoto wa miaka 8 anayeahidi leo kumtembeza kila asubuhi huenda akawa ameshahama nyumbani mbwa angali hai. Kwa hiyo anayeulizwa kama ana muda ni mtu mzima wa nyumba hiyo.

Siku ya kwenda kumchagua, ombeni kumwona mama yake. Mama mtulivu anayekubali kusogelewa na wageni ni dalili njema, na akiwa wa aina kubwa kama German Shepherd, ulizeni kama nyonga zake zimepigwa picha ya eksirei, maana ubovu wa nyonga hurithiwa. Muuzaji akileta visingizio vya kutomwonyesha mama, ondokeni bila kulipa.