Kwenda Pai sio kukimbia moshi

Kila mwaka kuanzia Februari hivi mpaka Aprili, wageni wanaokaa Chiang Mai kule kaskazini mwa Thailand wanaanza kuambiana eti moshi ni wa mjini, wa magari na pikipiki, kwa hiyo panda zako milimani Pai au Chiang Rai ukapumue. Hapana jamani. Moshi mwingi unatoka hukohuko, misitu inaungua, mashamba ya mahindi yanachomwa baada ya mavuno, mwingine unavuka mpaka kutoka Myanmar na Laos, halafu hewa ya joto inakaa juu ya ile ya baridi kama kifuniko cha sufuria na mabonde yote yanajaa, na Pai yenyewe iko bondeni sasa sijui unakimbilia nini.

Na nyie wa "mimi nina AC chumbani", AC ya kawaida inazungusha hewa ileile tu, filta yake inashika vumbi kubwa, sio PM2.5, zile chembe ndogo sana za maikroni 2.5 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kushuka chini. Tafuta mashine ya kusafisha hewa yenye filta ya HEPA (ile inayonasa hata chembe hizo ndogo), funga madirisha, na ukitoka vaa barakoa ya N95 iliyobana uso vizuri (ya kitambaa ni urembo tu).

Kama unaweza kuhama kabisa, shuka kusini baharini, Krabi au Ko Samui, miezi hiyo kwa kawaida kuna nafuu kubwa. Ila cheki vipimo vya hewa kabla hujalipia hoteli.