Gari la GTA na ubishi wa mabandani: yanayosemwa na yaliyomo ndani ya gemu

Jioni kwenye mabanda ya gemu ya Kirumba na Mabatini, jijini Mwanza, skrini moja ina mpira, ya pili ina mpira, ya tatu ina San Andreas, moja ya gemu za mfululizo wa GTA (Grand Theft Auto) ambazo mchezaji huiba magari na kuyaendesha mjini. Ubishi uko kwenye hiyo ya tatu. Gari limepinduka, moto unawaka, mchezaji anabonyeza pembetatu atoke, na wanaosubiri zamu nyuma yake kila mmoja ana maelezo yake: mafuta yamemwagika, injini imezidiwa, tenki limepasuka. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichotokea. Ndani ya gemu nyingi za aina hii uharibifu wa gari ni hesabu mbili zisizojuana, moja ya uhai wa gari na nyingine ya sura yake, na uzushi mwingi wa mabandani unatokana na kuzichanganya.

"Gari likibondeka sana ujue linakaribia kulipuka"

Kwenye GTA: San Andreas, iliyotoka mwaka 2004, gari la kawaida huanza na pointi 1000 za uhai. Huzioni popote kwenye skrini. Ukigonga nguzo zinapungua, ukipigwa risasi zinapungua, mtu akilipiga gari lako rungu zinapungua. Zikishuka chini ya 250 moto unawaka, na baada ya sekunde chache ni mlipuko. Hakuna tenki lenye mafuta wala rejeta iliyotoboka. Kuna namba tu, inashuka.

Sura ni habari nyingine kabisa. Waliowahi kufungua faili za magari kwenye kompyuta ili waweke bodi ya Hiace mahali pa gari la gemu wanalijua hili. Boneti imechongwa mara mbili, nzima na mbovu, na majina yake yameandikwa wazi: bonnet_ok na bonnet_dam. Milango nayo hivyohivyo. Ukigonga, gemu haikunji chuma chochote. Inaficha kipande kizima na kuonyesha kile kibovu. Ukigonga tena, kipande kinang'oka na kubaki barabarani. Ndiyo maana boneti iliyogonga ukuta na boneti iliyogonga lori zina mikunjo ileile. Fundi bodi yeyote wa Igoma angecheka, maana yeye akiiona boneti anakuambia uligonga nini, tena kwa upande gani.

Kwa hiyo gari lisilo na milango wala boneti linaweza kuwa na uhai wa kutosha kukumalizia misheni, na gari linalong'aa lililomiminiwa risasi likawa limebakiza pumzi moja. Angalia moshi. Moshi unafuata hesabu ya uhai, mabati hayafuati. Ukikolea na kuwa mweusi, kaka, shuka.

"Likipinduka linalipuka kwa sababu mafuta yanamwagikia injini"

Kwenye GTA III, Vice City na San Andreas gari likilala chali linawaka moto, ni kweli. Lakini hiyo ni sheria iliyoandikwa na watengenezaji: gari lipo chali, basi liwashwe. Nadhani nia yao ilikuwa mchezaji asibaki akihangaika na gari lisilogeuka. Kwenye GTA V, ya mwaka 2013, sheria hiyo haipo. Unalitikisa gari kwa kijiti cha kushoto cha pedi mpaka lirudi kwenye magurudumu yake, na safari inaendelea.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu dhana hii watu wanatoka nayo bandani na kutembea nayo barabarani. Gari la kweli likipinduka haliwaki kwa kupinduka. Petroli ya maji haiwaki yenyewe. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na mchanganyiko huo unashika moto ukiwa na mvuke wa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Ukizidi hapo hauwaki, ukipungua hauwaki. Na hata ukiwa katikati ya hapo, unahitaji cheche, sigara, waya wa betri unaogusana, au ekzosi yenye joto kali.

Gemu inatufundisha kwamba mlipuko huja ndani ya sekunde tano au usije kabisa. Somo hilo ni baya. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Halikulipuka lilipoanguka. Watu walipata muda wa kufika na vidumu na kuanza kuchota, na moto ulipokuja ulikuta umati. Walikufa zaidi ya watu 100. Lori lililotulia kimya huku linavuja ndilo la kukimbia, na hakuna gemu ninayoijua inayolionyesha hivyo.

"Ukipiga risasi kifuniko cha tenki gari linalipuka hapo hapo" – uongo wa wazee wa gemu

Huu si uongo. Kwenye San Andreas ipo, kwa magari ambayo watengenezaji waliweka alama ya kifuniko cha tenki. Risasi ikiipata alama hiyo, gari linalipuka papo hapo bila kusubiri pointi ziishe. Ni moja ya sehemu chache ambazo gemu ile inajali risasi imepiga wapi hasa. Nje ya gemu, risasi ya kawaida hutoboa tenki na mafuta yakavuja, basi.

"Kule msituni kuna gari la majini"

Nilijua tutafika hapa. Kwenye msitu wa Back o' Beyond ndani ya San Andreas kuna Glendale chakavu, taa zimevunjika na mabati yamekunjika, zinazoteremka mlimani zenyewe bila dereva. Ukizisikia hadithi zake usiku umeme umekatika, unaweza kuapa kwamba mtengenezaji alizika mtu mle. Wengine wanasema ni gari la aliyekufa kwa ajali na bado anatafuta njia ya kurudi nyumbani.

Gemu haiwezi kuweka dunia nzima kwenye kumbukumbu ya PS2 (mashine ya gemu ya PlayStation 2), kwa hiyo magari yaliyoegeshwa huumbwa unapoyakaribia na kufutwa ukienda mbali. Hizi Glendale zimewekewa nafasi kwenye mteremko. Zinapoumbwa hakuna kinachozishika, zinateleza, na wewe unafika ukikuta gari tupu linakujia. Ukiondoka na kurudi zinaumbwa upya na kuteremka upya, ndiyo maana "jini" halichoki. Ubovu wake nao hautokani na ajali yoyote: ni modeli ya pekee iliyochongwa ikiwa mbovu tangu mwanzo.

Nakiri hadithi ya jini ni tamu zaidi.

"GTA V ni mpya zaidi, kwa hiyo magari yake yanabondeka kihalisia zaidi"

Kwa macho yangu, GTA IV ya mwaka 2008 inaishinda. Kuanzia hapo ile mbinu ya kubadilisha vipande iliongezewa nyingine. Umbo la gari ni pembetatu nyingi zilizoungwa. Ukigonga, kona za pembetatu zilizo karibu na pigo zinasukumwa ndani kufuata uelekeo na nguvu yake. Kwenye IV zinasukumwa sana, mpaka mbele ya gari inakuwa kama kopo lililokanyagwa. Kwenye V mkono ulilegezwa, na wachezaji wengi wa muda mrefu hawajasamehe.

Ila V ina jambo ambalo wanaoilaumu hawalisemi. Uhai wa gari umegawanywa kuwa hesabu tatu: injini, bodi na tenki, na kila moja huanza na 1000. Injini ikichoka inatoa moshi na kuzimika barabarani bila mlipuko wowote. Moto unaanza pale hesabu ya injini inaposhuka chini ya sifuri. Tenki likitobolewa mafuta yanachora mstari nyuma yako, na mstari huo unaweza kuwashwa. Gari lililogoma kuwaka katikati ya kufukuzwa na polisi linaniudhi kuliko linalolipuka, na ndivyo magari yanavyofanya.

"Gemu zenye magari halisi hazibondeki kwa uvivu wa watengenezaji"

Mara nyingi ni mikataba. Kampuni ya magari inayokubali jina lake litumike huweka masharti, na si kila moja inataka gari lake lionekane limegeuka chapati. GTA hutumia majina ya kubuni kama Banshee na Infernus, hivyo hailazimiki kumwomba mtu ruhusa.

"Ukitaka ajali za kweli nunua kadi kubwa ya michoro"

Wanaosema hivi huwa wameona video za BeamNG.drive, gemu iliyoanza kupatikana mwaka 2013. Kule hakuna boneti nzima na boneti mbovu. Gari limejengwa kwa nukta zenye uzito zilizounganishwa na fito zinazonyumbuka, na kompyuta inapiga hesabu ya kila ufito mara 2000 kwa sekunde. Ufito ukizidiwa unapinda, ukizidiwa zaidi unakatika. Rejeta inatoboka kwa sababu kitu kimeifikia.

Kazi hiyo hufanywa na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta unaopiga hesabu. Kadi ya michoro inachora tu matokeo. Kila gari unaloongeza barabarani ni mzigo mpya kwa prosesa, kwa hiyo kompyuta yenye kadi ya bei mbaya na prosesa dhaifu itakwama ukiweka magari matano yagongane. Ukienda mjini kutafuta kompyuta ya mtumba kwa ajili ya gemu hii, muulize muuzaji kwanza prosesa ina viini vingapi, yaani sehemu ngapi zinazopiga hesabu kwa wakati mmoja. Akikujibu kwa kukuonyesha taa za rangi ndani ya kasha, nenda duka linalofuata.