Marmite Haina Nyama

Wengi wakionja Marmite, ile rojo nyeusi ambayo Waingereza hupaka kwenye mkate, huamini ni mchuzi wa nyama uliochemshwa hadi ukagandamana. Si kweli. Kiini chake ni hamira iliyobaki baada ya kutengeneza bia, ndiyo maana kiwanda cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1902 Burton upon Trent, mji wa Uingereza uliojaa viwanda vya bia.

Ladha ya nyama inatoka wapi basi? Hamira hutiwa chumvi na kupashwa moto. Chembe zake hufa, na vimeng'enya vilivyomo ndani yake vyenyewe huanza kuvunjavunja protini. Kinachopatikana kwa wingi ni glutameti, kitu kilekile kinachoupa ulimi ladha nzito ya supu ya mifupa. Maganda ya chembe huchujwa, kinachobaki hukaushwa mpaka kiwe kizito. Vegemite, rojo kama hiyo ya Australia, nayo hutokana na hamira.

Wala si uchafu wa kiwandani. Miaka ya 1930 daktari Lucy Wills, akiwa Bombay, aliwatibu kwa Marmite wajawazito waliopungukiwa damu, na utafiti wake ndio uliofungua njia ya kugunduliwa kwa folati, vitamini inayosaidia kutengeneza damu.

Nawaelewa wanaoichukia, ila wengi wao waliipaka nene kama jamu, na chumvi yake ni kali mno kwa hilo. Mkate uwe wa moto, siagi itangulie na iyeyuke, kisha chota kwa ncha tu ya kisu na uitandaze mpaka mkate uonekane chini yake.