Mtoto kavunjika paja: P.O.P. au vyuma?

Si mifupa ya watoto huunga yenyewe?
Huunga, tena upesi. Ndiyo maana mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 kwa kawaida hufungwa tu P.O.P. (plasta ngumu) ya kuanzia kiunoni hadi mguuni. Kati ya miaka 5 na 11 hivi, mtoto ameshakuwa mzito: kumbeba na kumsafisha akiwa na P.O.P. hiyo ni kazi, na mfupa huweza kuteleza ndani yake. Hapo vyuma vyembamba vya titani hufaa zaidi.

Huwekwaje?
Mtoto hupewa nusu kaputi, mguu ukavutwa na kunyooshwa huku daktari akitazama eksirei. Mara nyingi hapachanwi palipovunjika. Hutobolewa matundu mawili, upande wa nje na wa ndani wa paja, kama sentimita 2 juu ya gegedu la ukuaji (sehemu laini ambako mfupa hurefukia) lililo karibu na goti. Gegedu hilo likijeruhiwa, mguu huweza kubaki mfupi au kupinda. Kila chuma hukunjwa kwanza mfano wa upinde, kisha husukumwa ndani ya uwazi wa uboho mpaka kivuke mvunjiko. Unene wake ni kama asilimia 40 ya uwazi pale unapobana zaidi: wa milimita 9 huwekewa vyuma viwili vya milimita 3.5. Viwe sawa unene: kinene kikikaa na chembamba, kinene hushinda na mfupa huunga kombo.

Hitilafu gani hutokea?
Kubwa ni ncha ya chuma kuchoma ngozi karibu na goti, hasa ikiachwa ndefu. Mtoto anayekaribia kilo 50 huweza kuvipinda. Huyo hufikiriwa njia nyingine, kama bamba la chuma. Vyuma hutolewa mfupa ukishaunga kabisa, mara nyingi baada ya miezi 6 hadi 12.

Mbona mguu uliovunjika umekuwa mrefu kuliko mwenzake?
Mvunjiko huchochea ukuaji. Kwa wenye miaka 2 hadi 10 paja huweza kuongezeka kama sentimita 1, na wengi hawahitaji tiba.

Tukianza kwa fundi wa mifupa, tumfunge vibanzi?
Hapana. Vibanzi vilivyokazwa hukata damu. Maumivu yakizidi licha ya dawa, au mtoto akilia vidole vyake vikinyooshwa, fungueni kila kitu na mkimbilie hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Msuli uliokosa damu kwa saa chache huanza kufa.